Je, wajua kwa nini sahani ya ndege ya rada huzunguka, na kwa nini nyingi mpya hazizungushi chochote?

Ndege ya E-3 Sentry haihitaji utambulisho. Ni ndege ya kulinda anga kwa rada, Boeing 707 iliyobebeshwa sahani mgongoni yenye kipenyo cha mita 9.1 na unene wa mita 1.8, ikiwa imeinuliwa kwa nguzo mbili zaidi ya mita 3 juu ya mwili wa ndege. Ikiwa kazini, sahani huzunguka mara 6 kwa dakika. Rada ikizimwa angani, sahani haisimami: huendelea kujizungusha taratibu, mzunguko mmoja kila dakika 4, ili vilainishi visitulie upande mmoja wa beringi.

Ndege zinazochukua nafasi yake, kama E-7 Wedgetail na GlobalEye, hazizungushi chochote. Kwa nini?

Jibu lililozoeleka ni kwamba kuzungusha ni mambo ya kizamani, na kwamba rada ya kisasa huona pande zote kwa mpigo mmoja. Sehemu kubwa ya jibu hilo si kweli.

Tuanze na sahani yenyewe. Wengi hudhani ni kifuniko tu, na kwamba antena huzunguka ndani yake. Kwenye E-3 sahani nzima ndiyo inayozunguka. Ndani yake mna antena bapa iliyokatiza kipenyo. Upande mmoja ni rada, na mgongoni mwake ni antena ya kuulizia ndege kama ni rafiki au adui. Wala si kweli kwamba rada hiyo haiwezi kuuelekeza kwa umeme mwali wake, yaani mawimbi inayoyarusha upande mmoja. Tangu ndege ya kwanza ilipokabidhiwa kwa Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1977, mwali wake hupandishwa na kushushwa kielektroni. Ni kuupeleka kulia na kushoto tu ndiko kulikoachiwa mzunguko.

Sababu ya kuipandisha rada angani ni fupi: dunia ni mviringo. Antena iliyosimama mita 20 juu ya ardhi haiwezi kuiona ndege inayoruka kwa kimo cha mita 100 ikiwa mbali zaidi ya kilomita 60 hivi. Ipandishe antena hiyo hadi mita 9,000, na upeo huo unavuka kilomita 400. Tatizo linalokuja na kimo hicho ni kwamba rada sasa inatazama chini, na ardhi inarudisha mwangwi mkubwa kuliko wa ndege yoyote. Dawa yake ni athari ya Doppler: kilicho katika mwendo hubadilisha kidogo masafa ya mwangwi, na kompyuta hukichuja kutoka kwenye milima na mawimbi ya bahari. Ila uchujaji huo unadai muda. Kadiri mwali unavyokaa juu ya shabaha, ndivyo kasi ndogo zinavyoweza kutenganishwa.

Na muda ndio ambao sahani haina. Mizunguko 6 kwa dakika ni digrii 36 kwa sekunde. Mwali wenye upana wa digrii 1 hupita juu ya shabaha kwa milisekunde 28 tu, kisha haurudi hadi sekunde 10 zipite. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 900 kwa saa itakuwa imesogea kilomita 2.5. Ikikata kona kali katikati ya kipindi hicho, kompyuta italazimika kukisia kama alama mpya ni ya ndege ileile. Mwendeshaji hawezi kuiambia sahani irudi nyuma kidogo atazame tena.

Sasa, mwali unaelekezwaje bila kuzungusha kitu? Chukulia watu ishirini wamejipanga mstari mmoja kwenye ukingo wa bwawa, kila mmoja na jiwe mkononi. Wakiyaangusha yote kwa wakati mmoja, viduara vya maji vinaungana na kuwa wimbi moja refu linalokwenda mbele moja kwa moja. Sasa waambie waangushe kwa zamu, kuanzia kushoto, kila mmoja akimchelewa jirani yake kwa kitambo kidogo kilekile. Kiduara cha kwanza kimeshakwenda mbali wakati cha mwisho ndiyo kwanza kinaanza, kwa hiyo wimbi linatoka limeinama na kuelekea kulia. Hakuna aliyesogeza mguu. Badilisha kitambo hicho, na wimbi linabadili mwelekeo papo hapo.

Rada hufanya hivyohivyo kwa vijiantena badala ya watu. Wimbi lenye urefu wa sentimita 10 huhitaji vijiantena vilivyoachana takriban sentimita 5. Kuuelekeza mwali digrii 30 pembeni, kila kijiantena kinachelewa nyuma ya jirani yake kwa safari ya sentimita 2.5, yaani robo ya wimbi, ambayo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde). Kwa hiyo mwali unaweza kuwa kaskazini sasa hivi, na mashariki muda mfupi usiotambulika baadaye. Shabaha yenye kutia shaka inaweza kutazamwa tena baada ya sekunde moja au mbili badala ya kumi.

Lakini mwali bado unakuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo dai la kuona pande zote kwa mpigo linapoanguka. Antena ya E-7 ina pande kadhaa, nazo zinagawana ratiba na nguvu za umeme. Milisekunde zinazotumika kuikazia macho shabaha moja zimenyang'anywa eneo jingine. Faida ni kwamba sasa kuna anayepanga ratiba.

Rudi bwawani uone hasara ya pili. Anayeutazama ule mstari wa watu kutoka mbele anauona urefu wake wote. Anayeutazama kutoka pembeni kwa digrii 60 anauona kama nusu yake. Antena nayo hujifupisha vivyo hivyo: kwenye digrii 60 upana wa mwali unakaribia kuwa maradufu, nguvu inayotumwa upande huo inapungua kwa nusu, na mwangwi unaopokelewa unapungua kwa nusu tena. Mwangwi ukibaki robo, umbali wa kugundua hushuka hadi asilimia 70 hivi. Penye kilomita 400 zinabaki 280. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwenye antena halisi hali huwa mbaya kidogo zaidi.

Ndiyo maana maumbo ya ndege hizi yanatofautiana mno. Rada ya Erieye ya Sweden, katika toleo lake la awali, ilikuwa ubao mmoja juu ya mgongo wa ndege, wenye antena mbili ubavuni, zikifunika takriban digrii 150 kila upande na kuacha mwanya mbele na nyuma. Rubani huziba mwanya huo kwa njia anayoruka: anakwenda na kurudi akiuonyesha upande wa hatari ubavu wa ndege, na anageuka kwa kuinama kidogo sana, kwa sababu bawa likiinama antena nayo inainama. E-7 iliongezewa bapa juu ya ubao wake, lenye antena za kutazama mbele na nyuma. Mzigo huo wa mgongoni uliyumbisha mtiririko wa hewa kiasi cha kuhitaji mapezi mawili chini ya mkia. KJ-2000 ya China inachekesha kidogo: ina sahani kubwa kama ya E-3, lakini haizunguki. Ndani yake mna antena tatu, kila moja na digrii zake 120.

Halafu kuna E-2D Hawkeye ya meli za kubeba ndege, iliyoingia kazini mwaka 2014. Rada yake ni ya kisasa kabisa, inaelekeza mwali kielektroni, na bado inazunguka. Mzunguko unahakikisha kuwa uso wa antena unaelekea kila upande kwa zamu, hivyo hakuna pembe iliyo dhaifu daima. Ikitokea haja, sahani inasimamishwa na mwali unachezeshwa kielektroni ndani ya kipande kimoja cha anga. Kwa ndege inayopaswa kutua juu ya meli, antena moja badala ya tatu ni kilo nyingi zilizookolewa.

Basi E-3 haistaafishwi kwa kosa la kuzunguka. Kinachoimaliza ni mwili wa 707, ambao kiwanda kiliacha kuutengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na injini za TF33 ambazo vipuri vyake hutafutwa kwenye ndege zilizokwishaegeshwa. Kompyuta zake zimebadilishwa zaidi ya mara moja, na rada imeboreshwa. Kuzeeka kwa chuma na nyaya ndiko kusikosuluhishwa kwa programu mpya. Rada yenyewe pia hutegemea transmita (kirusha mawimbi) kubwa yenye mirija ya klaistroni inayokuza mawimbi, na nguvu yake yote hupita kwenye kiungo kimoja kinachozunguka. Kwenye antena mpya kila kijisehemu kina transmita yake ndogo. Vikifa vichache, rada inadhoofika kidogo na kazi inaendelea.

Kubadilisha nako si rahisi. Australia ilisaini mkataba wa Wedgetail mwaka 2000 ikitarajia ndege ya kwanza 2006, lakini uwezo wa awali wa kuanza kazi ulitangazwa Novemba 2012. Kuioanisha rada na mifumo mingine ndani ya mwili wa Boeing 737, ambao ndio wa Wedgetail, kulichukua miaka. Uingereza ilistaafisha E-3 zake mwaka 2021 kabla mbadala haujafika, ikapunguza oda kutoka ndege tano hadi tatu, na ikajikuta imeshanunua rada tano.

Marekani ilichagua E-7 mwaka 2022. Juni 2025 Wizara ya Ulinzi ikapendekeza kuiacha, iongeze E-2D kwa muda na hatimaye kazi ihamie kwenye setilaiti, na baadhi ya wabunge wakapinga. Kwa setilaiti hesabu inakuwa kali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwangwi hupungua mara 16. Setilaiti ya obiti ya chini nayo hupita juu ya eneo kwa dakika chache tu, kwa hiyo ulinzi usiokatika unahitaji kundi zima la setilaiti, kila moja ikiwa na antena kubwa na umeme wa kuitosha.