Majimaji Ukeni Wakati wa Ujauzito: Yapi ya Kawaida, Yapi Hayangoji Kesho

Maswali haya wajawazito wengi huyauliza kwa sauti ya chini, tena wakiwa wameshanyanyuka kuondoka kliniki. Yanastahili kuulizwa mapema na kujibiwa bila haya.

Tangu nishike mimba nguo ya ndani inalowa kila siku. Je, ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Homoni ya estrojeni hupanda, damu inayofika kwenye uke na mlango wa kizazi huongezeka, na tezi za hapo hutoa ute mwingi kuliko zamani. Ute huo ni ulinzi, kwa kuwa pamoja na bakteria wazuri wa uke huzuia vijidudu visipande kwenye kizazi. Bakteria hao hutengeneza asidi inayoiweka pH ya uke (kipimo cha ukali wa asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) chini ya 4.5, na vijidudu vingi vya maradhi havistawi hapo. Ndiyo maana neno “uchafu” linalotumika kila mahali linawaonea wanawake. Kwa sehemu kubwa kinachotoka si uchafu.

Ute wa kawaida hauna rangi au ni mweupe kama maziwa, mwepesi, una harufu hafifu na hauwashi. Huzidi kadiri mimba inavyokua. Ukikauka kwenye nguo huweza kuacha doa la manjano, na wengi hushtuka hapo. Angalia rangi ute ukiwa bado mbichi.

Nitajuaje kwamba umebadilika?

Linganisha na hali yako ya kila siku: rangi, uzito, harufu, na kama kuna muwasho au maumivu.

Majimaji meupe, mazito, yenye mabonge kama maziwa mgando, pamoja na muwasho mkali na wekundu, kwa kawaida ni fangasi. Ujauzito huwapa nafasi kwa sababu estrojeni huongeza akiba ya sukari kwenye ngozi ya ndani ya uke. Wakirudi kila mara baada ya matibabu, omba kupimwa sukari ya damu.

Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, huashiria kwamba bakteria wazuri wamepungua na wengine wamechukua nafasi. Hali hii huenda bila muwasho, kwa hiyo hupuuzwa, ilhali inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Ya manjano au kijani, yenye povu na harufu mbaya, hufanana na trikomona, ugonjwa wa zinaa. Hata hivyo macho hudanganya, na maambukizi mawili huweza kuwapo kwa pamoja. Kipimo ndicho kinachoamua.

Sina harufu wala muwasho. Basi niko salama?

Si lazima. Klamidia na kisonono mara nyingi hukaa kwa mwanamke bila dalili yoyote. Mtoto akipita njia ya uzazi yenye maambukizi hayo huweza kuugua macho, na kisonono kisipotibiwa haraka huweza kumpofusha. Mweleze mhudumu ukweli kuhusu wewe na mwenzi wako. Ikigundulika, mnatibiwa wote wawili na kujizuia kukutana mpaka matibabu yakamilike. Akitibiwa mmoja, ugonjwa hurudi.

Je, ninunue tu dawa dukani?

Hapana, pima kwanza. Kwa fangasi, mjamzito kwa kawaida hupewa kidonge cha klotrimazoli cha kuweka ukeni, kwa mfano cha miligramu 100 kila usiku kwa siku 7. Nawa mikono, lala chali ukunje magoti, kisukume taratibu kwa kidole bila kulazimisha. Muwasho ukikoma siku ya tatu, endelea mpaka ya saba. Kukatisha dozi ni sababu kubwa ya fangasi kurudi. Flukonazoli ya kumeza huepukwa, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na doksisaiklini nayo haifai kwa mjamzito. Shombo la samaki na trikomona hutibiwa kwa metronidazoli, lakini dozi iandikwe na mhudumu.

Kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni, manukato au mitishamba ni kosa, maana huondoa bakteria wanaokulinda. Osha nje tu kwa maji, na jifute kutoka mbele kwenda nyuma.

Yanatoka majimaji mepesi kama maji. Ni mkojo au chupa imepasuka?

Kama mimba haijafika wiki 37, au maji ni ya kijani, kahawia au yana damu, au una homa, au mtoto amepunguza kucheza, usijipime nyumbani. Nenda hospitali sasa hivi.

Nje ya hayo, kojoa mpaka kibofu kiishe, jikaushe, vaa pedi kavu (usiingize kitu chochote ukeni) na utazame saa. Lala kwa ubavu dakika 30, kisha simama na ukohoe. Maji ya uzazi hujikusanya ukeni ukiwa umelala, halafu hushuka ghafla unaposimama. Sasa itazame pedi. Ute hubaki juu juu, unateleza kwenye vidole. Mkojo ni wa manjano na harufu yake unaijua. Maji ya uzazi huzama kwenye pedi, hayana rangi au yana unjano hafifu sana, na hayanuki mkojo. Pedi ikilowa hivyo, nenda nayo hospitali na useme saa yalipoanza, kwa sababu kadiri muda unavyopita baada ya chupa kupasuka ndivyo hatari ya maambukizi inavyoongezeka. Pedi ikibaki kavu lakini maji yakarudi baadaye, nenda vilevile.

Ukihisi kitu kama kamba laini kimechungulia ukeni, hicho ni kitovu cha mtoto. Usikirudishe. Piga magoti, kifua chini na makalio juu, na uitiwe usafiri wa dharura.

Na ute mzito wenye michirizi ya damu?

Baada ya wiki 37 huwa ni kizibo cha mlango wa kizazi kinachotoka; uchungu unaweza kuanza baada ya saa chache au hata siku kadhaa. Kabla ya hapo, wahi kuonwa siku hiyohiyo. Damu inayotiririka ni dharura katika mwezi wowote, iwe na maumivu au isiwe nayo.

Nikifika watanifanyia nini?

Watakuuliza wiki za mimba, kisha wataingiza kifaa cha kufungua uke ili waone majimaji yanatoka wapi na kuchukua sampuli kwa pamba. Kifaa hicho hakimfikii mtoto. Ila kama unatoka damu, au umewahi kuambiwa kondo la nyuma limekaa chini, sema kabla hujapanda kitandani: kidole hakiingizwi mpaka picha ya ultrasaundi ionyeshe kondo liko wapi.