Uliumia njiani katika eneo la vita? Usikubali haraka kwamba huna haki

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wapishi, madereva, mafundi na watumishi wengine wa kampuni zenye mikataba na jeshi la Marekani nje ya Marekani yamekuwa ya aina moja: mtu ameumia akiwa safarini, halafu mwajiri anamwambia kwamba hakuwa kazini.

Kabla ya kufika huko, kuna dhana inayotuchosha kuikanusha, kwamba raia hawezi kushambuliwa. Sheria za vita zinamkinga raia asilengwe, mradi hashiriki moja kwa moja katika mapigano. Gari la kijeshi alilolipanda halina kinga hiyo. Ni shabaha halali, naye yumo ndani. Ndiyo maana fulana ya kuzuia risasi na kofia ngumu huvaliwa safari nzima, hata kukiwa na joto kali. Sare ya askari ni jambo jingine kabisa. Usiivae kwa kujifichia, kwa sababu inakufanya udhaniwe mpiganaji.

Kitambulisho ulichopewa na jeshi nacho si cha kupitia getini tu. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 4, unawataja watu wanaofuatana na jeshi kwa idhini yake. Wakikamatwa katika vita baina ya mataifa, wanastahili hadhi ya mfungwa wa vita. Tembea nacho.

Kabla ya kupanda gari, uliza nani anasafirisha, kuna ulinzi gani, na jina lako limo kwenye orodha ya abiria au la. Agosti 2004, wafanyakazi 12 kutoka Nepal walitekwa wakiwa barabarani kutoka Jordan kwenda Baghdad, kisha wakauawa. Walikuwa wakienda kutafuta riziki. Msimamizi anayekasirishwa na maswali hayo si mtu wa kumkabidhi maisha yako.

Sasa fidia. Defense Base Act, sheria ya Marekani ya 1941, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wa mikataba hiyo, bila kujali uraia wao. Asiyekata anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Mfanyakazi humwarifu mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na kwa kawaida hufungua dai ndani ya mwaka 1. Asiyeweza kufanya kazi kabisa hulipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake wa wiki, kwa kuzingatia kiwango cha juu kilichowekwa.

Je, hukuwa kazini? Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba si lazima mtu awe anatekeleza kazi saa ile alipoumia. Inatosha kwamba mazingira ya ajira yake ndiyo yaliyomweka katika hatari ile. Kwa hiyo jibu la mwajiri silo neno la mwisho. Hatusemi kila safari italipwa. Aliyetoka kambini bila ruhusa kwa shughuli zake anaweza kukataliwa, na kila dai huamuliwa kwa ushahidi wake.

Pasipoti ikae kwako. Amri ya Rais wa Marekani ya 2012 inawakataza wenye mikataba na serikali hiyo kuwanyang'anya wafanyakazi hati zao. Bado tunapokea watu walioikabidhi kwa hiari, eti itunzwe, kisha wakashindwa kuondoka siku walipotaka.

Ukiumia, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, namba ya gari na majina ya uliokuwa nao. Omba nakala ya cheti cha matibabu kabla hujahamishwa kambi, maana kuifuatilia baadaye ni kazi ngumu. Taarifa mpe mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala. Kumweleza msimamizi kwa mdomo hakutoshi, hata kama ni ndugu yako. Siku zile 30 huanza kuhesabiwa ulipoumia, au ulipotambua kwamba maumivu yako yanatokana na kazi. Aliyerudi kazini akichechemea bila kuandika lolote, aandike leo.