Mchuzi wa karanga usio na mukene

Anayekula mimea tupu jijini Kampala hana haja ya kuhangaika mbali. Mgahawa wa mtaani uliozoeleka hupika matoke, posho (ugali wa mahindi), viazi vitamu, maharage na dodo (mchicha) kila siku. Shida ni kile kisichoonekana chunguni. Mchuzi wa karanga mara nyingine hutiwa mukene, yaani dagaa, au samaki wa kukausha. Firinda, yale maharage yaliyomenywa ya magharibi mwa Uganda, mara nyingi huwa na samli. Katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na kitoweo chake, huweza kupikwa kwa utumbo. Kwa hiyo usiulize kama chakula kina nyama, maana wengi hawahesabu dagaa kuwa nyama. Uliza kwa jina, kwa Kiganda: "Nnyabo, mulimu mukene?", yaani "Mama, humu mna dagaa?"

Mimi hupima jiko kwa karanga zake. Karanga nyekundu mbichi hutwangwa pamoja na ngozi zake, ndiyo maana mchuzi unakuwa na rangi ya waridi iliyofifia. Kwa watu wanne, gramu 250 za unga huchanganywa na mililita 750 za maji baridi, ukikoroga hadi madonge yaishe, ndipo chungu kiende motoni. Unga ukimwagwa kwenye maji yanayochemka, donge huiva nje na kujifunga, katikati likabaki kavu. Ukianza kutokota punguza moto na usifunike, la sivyo utafurika. Dakika 45 zinatosha, mwiko ukigusa chini kila mara kwa sababu karanga hushika upesi. Mafuta yakielea pembeni, umeiva. Ukinusa harufu ya maharage mabichi, bado.

Luwombo ya karanga na uyoga, yaani mchuzi uliofungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, ni tamu zaidi, ila hudai uangalifu. Maji yapungue hadi mililita 500. Jani la mgomba hubabuliwa juu ya moto mpaka lilegee, na uti wake ukwanguliwe. Bila hivyo litapasuka kwenye mkunjo. Fungashio hukalia vipande vya mgomba sufuriani, maji yakiwa chini yake. Yakipenya ndani, unakula uji.

Karanga chungu zenye ladha ya ukungu ziache hapo hapo, hata kama umeshalipa. Huenda zina sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, nayo haiondoki kwa kupikwa.

Chapati nayo uulizie mayai na maziwa. Na mwombe mpakuzi atumie upawa safi, kwa kuwa ule wa mchuzi wa nyama huingia kila sufuria. Nenda saa sita mchana, kabla mchuzi haujaongezwa maji.