Ule mstari kati ya chuma na chuma

Nimesahihisha rundo jingine la mitihani, na karibu kila mmoja amechora Fe₂(CO)₉, molekuli ya atomu mbili za chuma na kaboni monoksidi (CO) tisa, na mstari mnene wa bondi kutoka atomu moja ya chuma hadi nyingine. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: "Kanuni ya elektroni 18, mwalimu." Jamani, kanuni haisemi hivyo!

Hesabu yao naijua: kila chuma kinatakiwa kifikishe elektroni 18. Chuma kina 8, CO tatu za pembezoni zinaleta 6, CO tatu za daraja, zinazoshika chuma zote mbili, zinaleta moja moja: 17. Pengo la elektroni moja wanaliziba kwa bondi ya Fe–Fe. Sawa. Sasa chukua CO moja kati ya zile za daraja, uihesabu kuwa jozi yake moja inatumiwa na chuma zote mbili kwa pamoja, bondi ya vituo vitatu. Utapata 8, 6, 1, 1 na 2. Ni 18, na mstari hauhitajiki. Kanuni moja, michoro miwili.

Hapo wanakimbilia umbali. Eksirei inatoa pikomita 252 hivi, basi "ziko karibu mno, lazima zimeungana." Watoto watatu kwenye kitanda chembamba hugusana mabega, wapatane wasipatane; hapa kitanda ni yale madaraja. Tazama Mn₂(CO)₁₀: haina daraja hata moja, manganizi zake zimeachana pikomita 290, na bondi ipo bila ubishi, maana hakuna kingine kinachozishika. Imulike, inakatika katikati na kutoa Mn(CO)₅ mbili.

Na msiniletee hoja ya sumaku, kwamba molekuli haivutwi nayo. Ndiyo, elektroni zote za Fe₂(CO)₉ zina wenzao, lakini zinaweza kupatana kupitia madaraja. Metali inazirudisha kwenye obitali za pai-nyota (zile tupu) za CO, na nguvu ya molekuli hii iko huko. Wanakemia Summerville na Hoffmann walilichambua jambo hili tangu 1979. Chuma kwa chuma, ana kwa ana, zinasukumana.

Je, yamekwisha? Hata kidogo. Ukifuata njia za msongamano wa elektroni huoni bondi kati ya chuma hizo. Ukipima elektroni zinazoshirikiwa unapata kisehemu, kidogo lakini si sifuri. Nani aamue kisehemu kinaanza kuitwa bondi wapi? Vitabu vinanyamaza, vinachora mstari.

Kwenye mtihani wangu mwenye kuchora mstari wa nukta nukta nampa alama, asiyechora kitu nampa, mradi aandike amehesabuje CO za daraja. Mstari mnene usio na maelezo naukata.