Sadaka inayokulipa hadi kufa: yule wakili ni wa nani?

Baada ya ibada, kando ya birika la chai, utakuta rundo la vipeperushi vya karatasi nzito. Mzee na mkewe wanacheka bustanini, na chini yao maandishi makubwa: asilimia 7.0 kwa mwaka, maisha yako yote. Wazee wetu Waswahili waliostaafu hapa Marekani, wengi wao baada ya miaka mingi ya kuuguza watu, hutuletea karatasi hiyo ofisini na swali lile lile: mwanangu, kanisa linatoa riba nzuri, niweke?

Hiyo si riba, mama. Inaitwa anuiti ya sadaka. Unalipa kanisa, au wakfu wake, fedha zako mara moja, nalo linaahidi kukupa kiasi kisichobadilika mpaka ufe. Kinachobaki ni chake. Ni mpango halali na wa zamani; American Bible Society ilianza kuutumia mwaka 1843. Mwenye akiba nyingine ya kutosha, aliyekwisha kuamua kutoa, unaweza kumfaa sana.

Lakini tupige hesabu. Mashirika mengi hufuata viwango vinavyopendekezwa na American Council on Gift Annuities, baraza la anuiti za sadaka, na jedwali lililoanza Januari 2024 lilimpa mtu wa miaka 75 hiyo asilimia 7.0. Ukitoa dola 40,000 utalipwa 2,800 kwa mwaka, yaani kama 233 kwa mwezi. Itachukua miaka 14 na ushee kabla hujarudishiwa fedha zako mwenyewe, nawe utakuwa na miaka 89. Viwango vimepangwa hivyo makusudi, ili kwa wastani nusu ya ulichotoa kilibakie shirika. Kampuni ya bima kwa kawaida ingekulipa zaidi kwa anuiti yake, kwa kuwa humo hamna sadaka. Kipeperushi kinachoweka asilimia 7.0 kando ya riba ya benki kinakupotosha hata kama kila tarakimu ni ya kweli.

Sasa tuje kwa watu wenyewe. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alitembelewa na wageni watatu: mzee wa kanisa, mtumishi wa idara ya sadaka, na wakili "wa bure". Walileta keki, wakasali. Tulipousoma mkataba tukaona kwamba barua ya wakili ina anwani ile ile ya wakfu. Hakuna aliyemdanganya. Ila pia hakuna aliyemuuliza ana akiba gani nyingine, wala itakuwaje akihitaji kulazwa katika nyumba ya wazee. Mkataba ukishatiwa saini fedha hazirudi, na Medicaid, mpango wa serikali unaowalipia matibabu wenye kipato kidogo, hukagua miezi 60 ya nyuma. Ulichotoa bure katika kipindi hicho kinaweza kukucheleweshea msaada. Wakili wake mwenyewe angeyauliza hayo kabla chai haijapoa.

Huo ndio mgongano wa maslahi, na kwa mchungaji ni mzito zaidi. Yeye ndiye aliyemzika mumeo. Anajua bima ililipa nini. Wakala wa bima ukimkataa unafunga mlango tu. Mchungaji utakutana naye Jumapili.

Sheria ya mwaka 1995 iitwayo Philanthropy Protection Act iliyaondolea mashirika ya hisani mzigo wa kusajili mipango hii kama hati za uwekezaji, kwa masharti: mtoaji apewe maelezo ya maandishi, na anayemshawishi asilipwe kamisheni kulingana na ukubwa wa sadaka. Sharti hilo la kamisheni lina maana yake. Kati ya 1996 na 2001 Mid-America Foundation, ambayo haikuwa kanisa, iliuza anuiti za sadaka za zaidi ya dola milioni 50 kupitia mawakala wa kamisheni. Waliotangulia walikuwa wakilipwa kwa fedha za waliofuata.

Jambo jingine ambalo huwa halisemwi mezani: ahadi hiyo inasimama juu ya mali za shirika lenyewe. Shirika likianguka, usitegemee mfuko wa dhamana wa jimbo unaowakinga wateja wa kampuni za bima. California na New York hulilazimisha shirika kutenga akiba maalumu. Majimbo mengine mengi hayabani kiasi hicho.

Kwa hiyo chukua karatasi, nenda nayo nyumbani, waonyeshe wanao. Tafuta wakili unayemlipa wewe, hata kama ni saa moja tu. Na muulize mgeni wako, bila haya: je, nikisaini, wewe unaongezewa chochote?

Yule mama alimlipa wakili wake, kisha akapunguza dola 40,000 zikawa 10,000. Mchungaji alirudi wiki iliyofuata, safari hii peke yake, bila keki.