Comenius: dhana potofu zinazorudiwa kila siku, na ukweli wenyewe

Ukipita chuo cha ualimu jina la Comenius, mwanafikra wa elimu wa Kicheki wa karne ya 17, lazima ulisikie, ila huwa anapewa aya mbili alafu basi, na hizo mbili zenyewe zina makosa. Inaniuma kwa kweli.

Dhana: alihama kwao kutafuta kazi nchi nyingine za Ulaya.
Ukweli: alifukuzwa kwa ajili ya imani. Jan Amos Komenský (ndio jina lake kwao) alizaliwa Moravia (leo ni sehemu ya Cheki) 1592, akiwa Mprotestanti, Waprotestanti waliposhindwa vita vya Mlima Mweupe 1620 akaanza kujificha huku na kule, tauni ikamchukulia mke na watoto wawili, na 1628 akavuka kwenda Leszno, Poland. Huko nako mji ukachomwa 1656, ikateketea kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoihangaikia zaidi ya miaka 40. Alifia Amsterdam 1670.

Dhana: yeye ndo wa kwanza kuweka picha kwenye kitabu.
Ukweli: picha zilikuwepo kabla. Kipya kwenye Orbis Pictus, kitabu chake cha picha cha watoto cha 1658, ni mpangilio, yani vitu kwenye mchoro vina namba, na namba hiyo hiyo unaikuta kwenye maelezo ya Kilatini na Kijerumani, kwa hiyo mtoto haokoti neno hewani, analiona. Hata alfabeti ameianza na sauti za wanyama: kunguru analia "a a", hiyo ni A, mwanakondoo analia "be e e", hiyo ni B. Miaka zaidi ya 360 imepita na madarasa ya awali bado yanafundisha hivyo hivyo!

Dhana: alipinga viboko, kwa hiyo alitaka shule isiyo na nidhamu.
Ukweli: aliandika kabisa kwamba shule bila nidhamu ni kama kinu cha kusaga kisicho na maji. Alichokataa ni mtoto kuchapwa kisa hajaelewa somo, maana mtoto asipopenda kusoma Comenius anamuuliza kwanza mwalimu, ukali unabaki kwa tabia mbaya. Walimu wetu wanaochapa kwa sababu ya kufeli hesabu wangesoma hapa. Na shule aliitaka kwa wote, wasichana na maskini wakiwemo.

Dhana: Wacheki wanamkumbuka kama mwalimu tu.
Ukweli: ndiyo, siku yake ya kuzaliwa, 28 Machi, ni Siku ya Walimu, na sura yake iko kwenye noti ya koruna 200. Lakini alikuwa pia askofu wa mwisho wa tawi la Cheki la Umoja wa Ndugu wa zamani (kanisa la Kiprotestanti), na 1650 aliandika wosia wa kanisa lake akiamini kuwa siku moja mamlaka yatawarudia watu wa Cheki. Masaryk, rais wa kwanza wa Czechoslovakia, aliyanukuu maneno hayo Desemba 1918, nchi ikiwa changa kabisa, na rais Havel akayarudia Januari 1990 baada ya ukomunisti kuanguka.

Dhana: hana uhusiano wowote na sisi.
Ukweli: mjukuu wake, Jablonski, ndiye aliyemweka wakfu David Nitschmann 1735, askofu wa kwanza wa Kanisa la Moravian, yani ule Umoja wa Ndugu uliofufuka, na wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe, Tanzania ya leo, 1891.