Usiache boksi likuchagulie vipokea sauti

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya sauti, na hakuna kitu kinachojaa mezani kwangu kama vipokea sauti visivyo na waya vya bei nafuu. Ukivifungua, ndani unakuta mambo yale yale: chipu ya Bluetooth, betri ndogo kama punje ya maharage, spika moja, maikrofoni moja au mbili. Vingi vinatumia chipu za kampuni zile zile za China, kama Jieli au Bluetrum, hata kama nje vina majina tofauti na rangi tofauti. Kwa hiyo mtu mwenye bajeti ndogo akiniuliza anunue vipi, simwambii asome maneno makubwa yaliyoandikwa juu ya boksi. Namwambia aangalie jinsi vinavyokaa sikioni, maikrofoni, na betri. Hayo matatu ndiyo yanayotenganisha kizuri na kibaya, na ndiyo ambayo boksi ama halisemi kitu, ama linatia chumvi.

Naanza na kukaa sikioni kwa sababu hapo ndipo watu wanapokula hasara bila kujua. Kuna vipokea sauti vyenye vipira vya silikoni vinavyoingia kwenye tundu la sikio, na kuna vile vya plastiki tupu vinavyoegemea nje ya tundu. Vile vya vipira vinaziba, na kuziba huko ndiko kunakoleta besi. Spika ya milimita 6 au 10 haiwezi kusukuma hewa ya chumba kizima. Inachoweza ni kusukuma kile kiasi kidogo cha hewa kilichofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakibaki upenyo hata mdogo, sauti nzito inavujia hapo na unabaki na sauti nyembamba, kali, inayochosha baada ya muda mfupi. Jipime hivi: weka wimbo wenye besi nzito, halafu bonyeza kipande (kile cha sikio moja) taratibu kuelekea ndani ya sikio. Besi ikiongezeka ghafla, ujue kipira ulichovaa hakijaziba.

Kwa kawaida boksi huja na saizi tatu za vipira, na saizi ya kati ndiyo inayokuwa imeshavalishwa. Watu wengi hawagusi kabisa kile kimfuko chenye saizi nyingine. Nimeletewa vipokea sauti "vibovu" visivyo na besi, nikabadilisha vipira tu, mwenyewe akavaa na kushangaa. Tundu la sikio la kulia si lazima lilingane na la kushoto, kwa hiyo hakuna ubaya wowote kuvaa kipira kikubwa upande mmoja na cha kati upande wa pili. Ukishavaa, tikisa kichwa, zungumza, chezesha taya kama mtu anayetafuna. Kikilegea wakati taya zinacheza, hakikufai, hata kingekuwa na sauti tamu namna gani.

Vile visivyo na vipira vina watu wake: anayetembea kando ya barabara na anataka kusikia magari, au asiyevumilia kitu ndani ya sikio. Tatizo lake ni kwamba havizuii kelele, na palipo na kelele mkono unakwenda wenyewe kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Desibeli 10 ni mibonyezo michache tu ya kitufe cha sauti. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kupendelea vinavyoziba, hata kabla sijaanza kuzungumzia besi: vinakuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini. Masikio yakishaharibika hayana fundi.

Sasa hapa kwenye kelele kuna ujanja wa maneno. Boksi moja limeandikwa ANC, lingine ENC, na muuzaji anakwambia vyote vinaondoa kelele. Si kitu kimoja. ANC inafanya kazi kwenye sikio lako: maikrofoni inasikiliza kelele ya nje, chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawili hayo yanafutana. Inafaa zaidi kwa kelele nzito isiyobadilika, kama ya injini, feni au ndege. Kwa sauti za watu wanaoongea haisaidii sana. ENC inasafisha sauti yako kwenye simu, na anayefaidika ni yule unayeongea naye. Wewe mwenyewe hutasikia tofauti yoyote. Sina ugomvi na ENC, ni kitu chenye manufaa. Ninachokataa ni kuiuza kana kwamba ni ANC. Tena kwenye bei za chini kabisa hata ANC yenyewe mara nyingi ni danganya toto: ukiiwasha unasikia mvumo mdogo wa "shhh" na kelele iko pale pale. Kipira kinachoziba vizuri kitakufanyia kazi kubwa kuliko hiyo.

Namba za kwenye boksi nitazipitia haraka. Bluetooth 5.3 au 5.4 ni toleo la mawasiliano. Linahusu jinsi vifaa vinavyounganishwa na kutumia nishati, na peke yake halikwambii lolote kuhusu uzuri wa sauti. Hata ule mfumo mpya wa sauti wa LE Audio, uliokuja na toleo la 5.2 mwaka 2020, ni hiari: kifaa kinaweza kuwa na namba kubwa na kisiwe nao. Kodeki (njia ya kubana sauti ili ipite hewani) ya SBC ni ya lazima kwa kila kipokea sauti cha Bluetooth cha kawaida, na kwa spika za bei hii inatosha. AAC, kodeki nyingine, ni nyongeza nzuri, hasa kwa wenye iPhone. Ukubwa wa spika nao usikutishe: milimita 13 iliyokaa kwenye ganda baya itashindwa na milimita 6 iliyotulia.

Namba moja ninakuomba uichunguze kweli, nayo ni ya betri. Utaona vikasha vya kuhifadhia na kuchajia vipokea sauti vimeandikwa 2000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri) na zaidi, vyenye uwezo wa kuchaji hadi simu. Betri ya aina ya 18650, ile ya mviringo inayotumika kwenye tochi na betri za kompyuta mpakato za zamani, ina urefu wa milimita 65 na uzito wa gramu 45 hivi, na huwa na 2000 hadi 3500 mAh. Kama kikasha pamoja na vipande vyake vyote viwili kina gramu 40, hiyo 2000 mAh imekaa wapi? Vikasha vingi vya kawaida vina betri ya mAh 300 hadi 500, na kila kipande kina mAh 30 hadi 60. Hizo ni namba za kweli na hazina aibu. Anayeandika ukweli huo kwenye boksi ninamwamini zaidi, kwa sababu aliyedanganya kwenye betri hatasita kudanganya kwenye mengine.

Kuna jambo jingine dogo linalowasumbua wengi. Kikasha kina tundu la USB-C, mtu anachomeka waya wa C kwa C kwenye chaja mpya, na hakichaji. Anarudisha dukani akisema kimekufa. Kilichotokea ni kwamba mtengenezaji amebana matumizi na kuacha rezista (vipuri vidogo vya umeme) mbili za kilo-omu 5.1 zinazotakiwa kuwepo kwenye tundu hilo. Bila hizo, chaja haitambui kwamba kuna kifaa upande wa pili, kwa hiyo haitoi umeme. Tumia waya wenye kichwa cha USB cha zamani upande wa chaja, na kitachaji vizuri. Kabla ya kununua uliza au soma maoni ya wanunuzi kuhusu hili. Mtu aliyebana hata rezista, sijui kwenye ulinzi wa betri amefanya nini.

Maikrofoni ijaribu kwa simu ya kweli. Usijirekodi ndani ya chumba kilichotulia ukaridhika. Mpigie mtu ukiwa mahali penye upepo au feni, na umwambie akueleze anavyokusikia. Vipande vyenye mkia mfupi unaoshuka kuelekea shavuni mara nyingi vinashinda vile vya mviringo, kwa sababu maikrofoni inakuwa karibu zaidi na mdomo. Usishangae muziki ukififia na kuwa kama wa redio ya zamani mara tu maikrofoni inapowashwa. Bluetooth ya kawaida inahamia kwenye mfumo wa simu, ambao unabana sauti ili ipite pande zote mbili. Kwenye kompyuta, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe na uviache vipokea sauti vifanye kazi ya kusikiliza tu. Sauti itarudi.

Wacheza gemu wanahitaji onyo lao. Sauti ya Bluetooth inachelewa, na kwa SBC ucheleweshaji wa milisekunde 200 ni jambo la kawaida. Kwenye video huoni shida, kwa kuwa programu nyingi huichelewesha picha kidogo ili ilingane na sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, maana picha inafuata kidole chako. Kama unacheza, tafuta vyenye hali maalumu ya gemu na uijaribu. Kama unacheza kwa ushindani, tumia waya.

Kuhusu maji: IPX4 inamaanisha kinahimili kurushiwa maji kutoka kila upande, na IPX7 inamaanisha kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Hiyo X inaonyesha kwamba vumbi halikupimwa. Mara nyingi ulinzi huo ni wa vipande tu, kikasha hakimo. Jasho ndilo adui ninayemwona zaidi, kwa sababu ya chumvi yake: ukirudisha vipande vyenye jasho ndani ya kikasha, vile vidoti vya chuma vya kuchajia vinaota kutu ya kijani, na siku moja upande mmoja unaacha kuchaji. Vifute kwanza.

Tangu AirPods, vipokea sauti vya Apple, zitoke Desemba 2016, nakala zake hazijaacha kumiminika. Kile kidirisha kinachojitokeza kwenye skrini ya iPhone si ushahidi wa lolote, kwani nakala zinakiiga, na namba za utambulisho zinanakiliwa vilevile. Kwa fedha hiyo hiyo ni afadhali ununue kitu cha bei nafuu kinachouzwa kwa jina lake mwenyewe. QCY, Soundcore, Redmi, JLab na Edifier wote wanatengeneza vya bei ya chini, na modeli nyingi kati ya hizo zina programu ya simu yenye ikwalaiza, yaani sehemu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti kali. Ikwalaiza ni zawadi kubwa kwenye bei hii. Vipokea sauti nafuu vingi vimeongezwa besi na sauti kali kupita kiasi ili vivutie kwa dakika ya kwanza. Ukipunguza ncha hizo mbili kidogo, sauti za waimbaji zinatoka mbele.

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama muuzaji hataki ufungue boksi, hakikisha angalau unaruhusiwa kurudisha, na uweke jaribio lote ndani ya siku hizo. Chaji mpaka kijae, sikiliza mfululizo mpaka vipande vizime, na uandike muda wa kila upande. Upande mmoja ukizima mapema sana kuliko mwenzake, rudisha, maana pengo hilo halitapungua. Tembea na simu kwenye mfuko wa kulia, kisha wa kushoto: mawimbi ya Bluetooth (2.4 GHz) yananyonywa na maji ya mwilini, na kipokea sauti chenye antena dhaifu kitaanza kukatakata upande mmoja. Funga na kufungua kikasha mara kadhaa uone kama vipande vyote viwili vinaungana na simu bila kubembelezwa. Kimoja kikigoma, futa jina lake kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, virudishe vyote kikashani, bonyeza kitufe kwa muda kama maelekezo yanavyosema, na uunganishe upya. Kikigoma tena baada ya hapo, kirudishe siku hiyo hiyo pamoja na boksi lake na risiti.